Nani Anayetuambia Habari za Mvua?

Masika huja na dalili zake, na mara nyingi huja kweli. Vuli ni msimu mgumu kuuamini. Mwaka mmoja huanza mapema Oktoba, mwaka mwingine hungoja mpaka katikati ya Novemba. Na upo mwaka ambao hunyesha siku nne mfululizo, watu wakapanda, kisha jua likawaka wiki tatu mpaka mahindi yaliyokwisha kuchipua yakanyauka. Kwa sababu hiyo, katika wilaya yetu ya Muheza hakuna habari za hewa zinazosikilizwa kwa makini kama zile za wiki moja ya mwezi wa Oktoba.

Mfikirie mama mwenye shamba la ekari moja na nusu upande wa Mtindiro. Amekwisha kulima, amenunua mbegu ya mahindi kwa fedha alizopata kwa kuuza machungwa, na hana fedha nyingine ya kununua mbegu mara ya pili. Akipanda leo na mvua ikakatika, mbegu imepotea. Akingoja mno, mahindi yake yatakutwa na ukavu wa Januari yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Redio, au simu ya mwanawe, inamwambia kwamba mikoa ya Tanga, Pwani na Dar es Salaam pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba itapata mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua. Je, shamba lake ni miongoni mwa hayo maeneo machache? Hapo redio imenyamaza, na uamuzi umebaki kwake.

Katika miaka yangu ya kufundisha jiografia, na baadaye nilipokuwa mkuu wa shule, nimelisikia swali hilo kwa wazazi wengi. Mara nyingi tumelijibu kwa kulaumu utabiri au kwa kuutetea. Mimi naona lipo swali jingine la kutangulia, nalo ni la historia: watu waliotuambia habari za mvua katika nchi hii, kizazi baada ya kizazi, walimwambia nani, na walikuwa wakiwajibika kwa nani?

Tuanze na wafalme. Kabla ya ukoloni, milima ya Usambara na sehemu kubwa ya nchi ya Bonde tunamokaa ilikuwa chini ya ukoo wa Wakilindi, waliotawala kutoka Vugha. Aliyevuma kupita wote ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862, ambaye mkono wake ulifika hata pwani. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyekaa Usambara na kuzungumza na wazee, ameeleza kwamba Wasambaa walikuwa na namna mbili za kuusema utawala. Mfalme mwenye nguvu ambaye nchi ilipata mvua na chakula mikononi mwake alisemekana kuiponya nchi, kuzifya shi. Wakati wa ukame na njaa, au wakuu walipogombana, ilisemekana kwamba nchi inafungwa na kuharibiwa, kubana shi. Mvua ilihesabiwa kuwa ni mali ya mfalme, lakini na lawama ya ukame ilikuwa ni yake pia. Hakuweza kupokea kodi kwa sababu ya mvua kisha akasema ukame haumhusu.

Wabondei, kama inavyojulikana, waliasi dhidi ya Wakilindi mwishoni mwa miaka ya 1860 katika vita vinavyoitwa Kiva. Sisemi kwamba mvua ndiyo iliyovileta. Sababu zilikuwa nyingi, na kuuzwa kwa watu utumwani ilikuwa moja ya zile kubwa. Wala sisemi kwamba mtu anaweza kuishika mvua mkononi. Nasema tu kwamba mazungumzo ya mvua yalikuwa mazungumzo ya wajibu. Mtu wa kawaida alikuwa na haki ya kumwuliza mkubwa wake: mbona nchi imekauka?

Watu wa pwani, wenye mitumbwi na majahazi, walikuwa na elimu ya namna nyingine. Wao walihesabu siku. Mwaka wao wa jua ulianza kwa Nairuzi, jina lililotoka Uajemi, nao waliugawa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, kisha wakaongeza siku tano kukamilisha 365. Mkulima au mvuvi aliyejua mwongo aliweza kusema ni lini kusi hulegea, ni lini pepo hubadilika na jahazi likaweza kwenda kaskazini au kusini, wakati uitwao tangambili, na ni lini vuli hutazamiwa. Elimu hii haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa mali ya kila aliyejifunza kuhesabu, na bahari ndiyo iliyomsahihisha aliyekosea.

Hata hivyo hesabu hiyo ilikuwa na tatizo ambalo nimependa sana kuwafundishia vijana. Mwaka wa Nairuzi hauna siku ya ziada ya mwaka mrefu. Kila baada ya miaka minne hurudi nyuma siku moja kulinganisha na mwendo wa jua, na katika miaka mia hurudi siku 24 hivi. Katika miaka ya 1870 Nairuzi iliangukia Agosti. Siku hizi Makunduchi, Unguja, Mwaka Kogwa husherehekewa Julai. Kwa hiyo mwongo uliokuwa wa vuli wakati wa babu hauwezi kuwa wa vuli wakati wa mjukuu. Wazee walioitumia vizuri ni wale waliokuwa wakiilinganisha na mambo waliyoyaona: upepo, mawimbi, maua ya miti. Kanuni isiyopimwa na macho huharibika polepole, na mwenye nayo hajui kwamba imeharibika.

Kisha wakaja Wajerumani, na pamoja nao chombo cha kupimia mvua. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Muheza mwaka 1896. Katika miaka hiyohiyo makampuni yao yalifyeka misitu ya Usambara Mashariki na kupanda kahawa. Waliona msitu mkubwa na mvua nyingi, wakaamini kwamba ardhi ni tajiri vilevile. Kahawa haikustawi kama walivyotumaini. Mwaka 1902 serikali yao ikafungua kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe kule Amani, kwenye mwinuko wa mita 900 hivi, ambacho kwa wakati ule kilikuwa na sifa ulimwenguni. Humo walipanda mimea kutoka mabara yote, na humo waliandika mvua ya kila siku.

Daftari za Amani zilifundisha jambo ambalo wenyeji walilijua kwa miguu yao. Pepo za baharini zenye unyevu hufika Tanga, hupita juu ya tambarare ya Muheza, kisha hukutana na ukuta wa milima na kulazimika kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na ikipoa huachilia maji. Ndiyo maana Amani hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, ambapo huku chini mjini mvua ni pungufu sana ya hapo, na umbali ni mwendo wa gari wa saa moja na kitu tu. Mtu akisema "mvua ya Muheza" bila kutaja kama ni ya Amani, ya Ngomeni au ya Mtindiro, hajasema kitu ambacho mkulima anaweza kukitumia.

Lakini kipimo kile kilimwambia nani? Kiliwaambia wenye mashamba makubwa. Ndivyo ilivyoendelea chini ya Waingereza. Mwaka 1929 ilianzishwa idara ya hali ya hewa kwa nchi za Afrika Mashariki zilizokuwa chini yao, makao yake yakiwa Nairobi. Baadaye Mlingano, karibu na Ngomeni, pakawa na kituo cha utafiti wa mkonge, na mvua yake nayo ikawa inapimwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili shughuli za kilimo za Amani zilihamishiwa Muguga, jirani na Nairobi, na Amani ikageuka kuwa mahali pa kuchunguza malaria, ugonjwa ambao nao hufuata mvua. Kwa miaka yote hiyo, mtu aliyekwenda saa tatu asubuhi kusoma chombo na kuandika tarakimu alikuwa mara nyingi karani Mwafrika. Tarakimu yake ilisafiri hadi Nairobi. Ilirudi katika vitabu vya Kiingereza kwa meneja wa shamba. Kwa mama wa Mtindiro wa siku zile haikurudi kabisa.

Vuli ya mwaka 1961 iliwakuta wote, wenye vipimo na wasio navyo, hawajui. Nilikuwa mtoto wa darasa la nne. Mwaka ule ulianza kwa ukame na upungufu wa chakula katika sehemu nyingi za Tanganyika. Ilipofika Oktoba mvua ikafunguka, na haikufunga Novemba wala Desemba. Tulipopata Uhuru tarehe 9 Desemba, mafuriko yalikuwa katika sehemu nyingi za Tanganyika na Kenya. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia mwaka 1964 lilikuwa limeongezeka zaidi ya mita mbili. Nakumbuka wazee wakibishana kama mvua ile ni baraka ya Uhuru au ni onyo.

Jibu la kitaalamu lilichukua muda mrefu. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani na wa India walieleza kwamba Bahari ya Hindi ina tabia ya kubadilishana joto kati ya upande wetu na upande wa Indonesia. Maji ya upande wa Afrika yakipata joto kupita kawaida na yale ya Indonesia yakapoa, mvuke na mvua nyingi huja kwetu katika miezi ya vuli. Mambo yakigeuka kinyume, vuli yetu hukonda. Mwaka 1961 haukuwa mwaka wa El Niño, jina ambalo Watanzania wengi walilijua baada ya mvua kubwa za 1997 na 1998. Ulikuwa mwaka wa bahari yetu wenyewe. Bahari hiyohiyo ilikuwa na joto la namna ile mwaka 2019, na Oktoba ya mwaka huo mafuriko yaliharibu barabara na kuua watu katika mkoa wetu wa Tanga, hasa upande wa Handeni na Korogwe. Kinyume chake, mwaka 2015 El Niño ilikuwa na nguvu kama ya 1997, lakini vuli haikufikia ile ya 1997. Na mwaka 2021 na 2022 vuli ilikuja kwa uchache.

Hapa pana jambo litakalomshangaza msomaji. Msimu tunaouona ni mgumu kuuamini ndio ambao wataalamu huweza kuutabiri miezi michache mbele kwa uhakika kuliko masika, kwa sababu vuli hufuata joto la bahari kwa ukaribu zaidi, na joto la bahari hubadilika taratibu na kuonekana mapema. Kwa hiyo mtu anayesikia mwezi wa Agosti au Septemba kwamba vuli inatazamiwa kuwa chini ya wastani asipuuze.

Lakini msimu ni kitu kimoja na wiki ni kitu kingine. Joto la bahari laweza kutuambia kwamba katika miezi mitatu maji yatakuwa mengi au machache; haliwezi kutuambia kwamba Jumatano wingu litasimama juu ya Potwe na si juu ya Kicheba. Mvua ya vuli mara nyingi hutoka katika mawingu ya ngurumo yenye upana wa kilomita chache, ambayo huinuka alasiri na kwisha jioni. Siku moja shuleni kwetu tulipima milimita 31, na shamba la mkonge lililokuwa jirani, mwendo wa saa moja kwa miguu, halikupata tone. Mtabiri anaposema "maeneo machache" hakwepi swali. Anasema kweli jinsi hali ilivyo: mvua itanyesha, ila si kwa wote.

Leo kazi hii ni yetu wenyewe. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 Tanzania iliunda idara yake. Mwaka 1999 ikawa Wakala, na kwa sheria ya mwaka 2019 ni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania. Mamlaka hutoa utabiri wa kila siku, wa msimu, na taarifa za siku kumi kumi kwa ajili ya kilimo. Siku kumi! Sijui kama waliopanga hesabu hiyo ya kimataifa walipata kusikia habari za miongo yetu, lakini mvuvi wa zamani wa Tanga angeielewa bila mwalimu. Hutoa pia maonyo ya siku tano zijazo kwa rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Kwetu Muheza neno chungwa huleta sura ya gunia na lori la kwenda mnadani, basi ni vizuri watoto wakafundishwa shuleni kwamba rangi ile si habari ya mavuno.

Tofauti kubwa kati ya sasa na wakati wa daftari za Amani ni kwamba habari sasa hutolewa kwa Kiswahili na kwa kila mtu. Hilo si jambo dogo, nami nawapongeza waliolifanikisha. Lakini kumwambia mtu ni nusu ya wajibu. Nusu ya pili ni kuulizwa. Msambaa wa zamani aliweza kumwuliza mfalme kwa sababu ukame aliuona kwa macho yake, na mvuvi aliweza kuisahihisha hesabu ya miongo kwa sababu upepo aliuhisi usoni. Sisi tunasikiliza utabiri wa Jumatatu, na ikifika Jumapili hatuna kipimo cha kusema ulitimia au haukutimia. Tunabaki na manung'uniko: "Wale waongo," au "Walisema kweli." Mwenye kunung'unika hasikilizwi kama mwenye tarakimu.

Zamani shule nyingi zilikuwa na tarakimu. Katika shule na vyuo vya ualimu nilivyopitia palikuwa na kipimamvua uwanjani, mbali na miti na nyumba, na zamu ya wanafunzi wawili wawili. Kila siku saa tatu asubuhi waliinua mtungi, wakamimina maji katika bomba lenye alama, wakaandika daftarini. Na kama haikunyesha, waliandika sifuri, kwa maana sifuri nayo ni habari. Nilipopelekwa kuwa mkuu wa shule moja, ambayo sitaitaja, nilikuta kipimamvua kimeng'olewa na daftari za miaka mingi zimeuzwa kwa kilo. Karatasi moja niliiona sokoni imefungia maandazi, na mwandiko wa mtoto ulisomeka vizuri: Novemba, milimita, sifuri, sifuri, nne. Mvua ile ilinyesha mara moja, na aliyeipima aliipima kwa niaba yetu sote. Haiwezi kupimwa tena.

Chombo chenyewe si ghali. Chukua chupa ya plastiki ya maji, isiyo na mabonde ubavuni, ikate juu, geuza sehemu ya shingo iwe kama mrija wa kumiminia, jaza chini saruji au maji mpaka pale inaponyooka, na hapo weka alama ya sifuri. Rula ya mwanafunzi itakamilisha kazi. Mvua ikifika milimita kumi, mwalimu wa hisabati na afanye hesabu pamoja na darasa: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, ekari moja ina mita za mraba zaidi kidogo ya 4,000, basi shamba la ekari moja limepokea lita 40,000, yaani mapipa 200 yale ya lita 200. Mtoto aliyeifanya hesabu hiyo hatasema tena kwamba mvua ilikuwa "kidogo" au "nyingi" bila kufikiri.

Na mzazi wake atafaidika. Wataalamu wengi huhesabu kwamba msimu umeanza pale zinapopatikana walau milimita 20 hivi katika siku chache, zisizofuatwa na ukavu mrefu. Mama wa Mtindiro akijua kwamba shuleni wamepima milimita saba tangu Jumapili, na kwamba utabiri wa siku tano unasema maeneo machache, ana sababu ya kupanda robo ya shamba na kuweka akiba mbegu iliyobaki. Wakipima 26, na utabiri ukasema mvua katika maeneo mengi, ana sababu ya kuita majirani wamsaidie kupanda lote. Utabiri unamwonyesha mbele, kipimo kinamwonyesha alipo, na uamuzi wake unahitaji vyote viwili.

Haba na haba hujaza kibaba. Shule ishirini za wilaya hii zikipima kwa miaka kumi, zitakuwa na kitu ambacho Amani ya Wajerumani haikuwa nacho: mvua ya mashamba ya watu, kuanzia bondeni hadi mlimani. Hapo tutaweza kwenda Mamlaka bila kunung'unika, tukasema: wiki ile ya Oktoba mlituambia hivi, na sisi Misozwe tulipima hivi, Mtindiro hivi, Ngomeni hivi. Naamini wataalamu wenyewe watafurahi kuulizwa swali la namna hiyo, maana ni swali linalowasaidia kutabiri wiki inayofuata. Wenzangu mlio bado kazini, chupa zipo na watoto wapo. Anzeni kabla ya Oktoba.